Kompaila ya Kilonzo

Tangu Kilonzo, mwenzake wa kazi, afariki mwezi wa Machi, Syombua hakuwa na mtu wa kumuuliza habari za kompyuta. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wamechora pamoja ramani za mabwawa ya mchanga, kuta za kuzuia mchanga na maji mtoni, katika chumba kimoja cha ghorofani, mjini Machakos. Yeye alipima na kuchora. Kilonzo aliitunza mashine, tena aliandika programu ndogo ya kukadiria maji yatakayobaki chini ya mchanga mvua ikiisha.

Mwezi wa Juni kadi ya picha, ile inayoichorea kompyuta picha za skrini, iliungua. Syombua akanunua nyingine, akaifunga mwenyewe kwa bisibisi, akasasisha mfumo wote kama maelezo yalivyosema. Lakini draiva, programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia kadi hiyo, ilikataa kuingia. Ilifika katikati, ikasimama, ikaandika kwamba ujenzi wa programu umeshindikana. Alijaribu mara nne. Bila draiva ramani ilijikokota. Akisogeza kilima kimoja, chai ilipoa akingoja.

Musili, mwenyekiti wa kikundi cha maji cha Ndithini, akapiga simu, akimwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Mwaitu, habari ya huko? Mafundi wanakuja Jumatatu. Watachimba wapi?"

"Mashine inanisumbua, Musili. Nipe mpaka kesho."

"Hata Kilonzo alikuwa anasema kesho!" Akacheka, kisha akajirudi. "Pole, mwaitu. Imenitoka tu."

"Si neno."

Kahiga, fundi aliyemuuzia kadi, hakutaka hadithi ndefu. "Madam, hiyo ni kufuta kila kitu uanze upya. Lisaa limoja tu."

"Kuna vitu vya mwenzangu humu."

"Si uko na nakala?"

Nakala za faili alikuwa nazo. Lakini mashine yenyewe ilikuwa imepangwa kwa mikono ya Kilonzo, hata rangi ya maandishi, na hayo hayakuwa kwenye nakala yoyote.

"Nitaona," akasema, akakata simu.

Akafungua taarifa ya usakinishaji, lile faili refu ambalo Kilonzo alikuwa akilisoma huku ameshika kidevu. Yeye hakuwahi kulisoma. Mwishoni kulikuwa na "imeshindikana" zilizofuatana tu, kwa hiyo akapanda juu polepole mpaka penye kosa la kwanza. Hapo kompaila, chombo kinachogeuza maandishi ya programu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, ililalamika kwamba haielewi amri iliyopewa. Ilikuwa toleo la tisa. Mfumo wenyewe ulikuwa umejengwa kwa toleo la kumi na mbili, na draiva ilitaka lilelile.

Kwa nini mashine itumie kompaila ya zamani na mpya ipo? Alipekua mipangilio, faili baada ya faili, mpaka saa nane mchana. Akaukuta mstari mmoja ulioamuru kila ujenzi, mashine nzima, utumie toleo la tisa. Juu yake palikuwa na maelezo: "Programu ya maji haikubali mpya. Nitarekebisha nikipata nguvu. K."

Tarehe ilikuwa ya Februari. Februari Kilonzo alikuwa akimwambia ni kikohozi tu.

Syombua aliondoa mikono kwenye kibodi. Walikuwa wamekaa mita mbili mbali, kila siku, na habari ya kuishiwa nguvu Kilonzo alikuwa ameliambia faili, si yeye. Alikasirika kwanza. Kisha akalia kidogo, bila kufunga mlango, maana hakuna aliyekuwa akipita.

Hakuufuta mstari ule. Aliuhamishia kwenye folda ya programu ya maji, pamoja na maelezo yake, ili programu hiyo peke yake ndiyo itumie kompaila ya zamani. Akaanzisha usakinishaji upya. Safari hii ulipita pale katikati, ukaenda mpaka mwisho. Akazima mashine, akaiwasha, akaishika ramani ya Ndithini. Vilima viligeuka kwa wepesi chini ya kidole chake.

"Imekubali!" alisema kwa sauti, na kiti chake kilikuwa kimeshageukia meza ya pili, ile ya Kilonzo.

Baada ya muda akampigia Musili, akamweleza watachimba wapi: chini ya kona ya mto, penye mwamba.

"Asante sana, mwaitu. Basi ni hayo tu?"

"Mbaazi zimefanyaje huko?" Syombua akauliza upesi.

Akauliza pia kuhusu mbuzi, na kuhusu kisima cha shule. Musili, ambaye huenda alikuwa na kazi, akajibu yote bila haraka.