Begi la Lolote

Baba yangu, Mzee Muhidini wa Misima, ana begi la kijani linaloitwa Lolote. Lolote likitokea, begi liko tayari. Mvua zikigoma, liko tayari. Redio ikitangaza ugonjwa mpya, liko tayari. Huenda nalo shambani, msikitini, hata harusini, na hakuna anayeruhusiwa kulifungua.

Mimi ni mchekeshaji. Begi hilo limenipatia saa nzima ya televisheni: onyesho langu la kwanza, juu ya wasiwasi wa nyakati hizi zisizotabirika. Nililirekodi Dar es Salaam, watu wakacheka mpaka wakapiga viti. Kasoro ilikuwa moja, baba sikumwambia. Niliogopa, basi. Kumcheka babu ni utani. Kumcheka baba mzazi ni kuitafuta laana kwa tochi.

Jumamosi ya kurushwa hewani, saa kumi jioni, Harish alitualika tulitazame kwenye televisheni ya dukani kwake Korogwe, anakouza kila kitu kuanzia ndoo hadi kandambili. Amemuuzia baba makufuli tangu sijazaliwa, kwa hiyo wasiwasi wa baba umemsaidia kusomesha watoto.

"Shikamoo, baba," nilimlaki.

"Marahaba, mwanangu. Humu kuna mlango wa nyuma?"

"Upo, Mzee Muhidini," alisema Harish. "Kila mwaka unauliza, na kila mwaka upo."

Baba akaketi mbele kabisa, begi mapajani. Shobha, mkewe Harish, akagawa chai. Majirani wakajaa mpaka juu ya makopo ya rangi. Mimi nilikaa nyuma ya baba nisiuone uso wake.

Nikatokea kwenye kioo, nikaanza naye moja kwa moja: makufuli matatu, banda la kuku wawili. Duka likacheka. Baba akalivuta begi karibu na kifua. Kisha nikaingia kwenye begi.

"Lina chumvi. Lina tochi. Lina betri za tochi, na tochi ya kutafutia betri! Nikamwuliza, baba, na sisi watoto tumo humo? Akasema, nyie si mna miguu?"

Ukumbi wa Dar es Salaam ulivunjika mbavu. Dukani hakucheka mtu. Wote walimtazama mzee na begi lake, na Shobha akapunguza sauti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baba akageuka. "Shamimu, hilo swali uliniuliza lini?"

"Sikukuuliza, baba. Nilitunga."

"Ungeuliza."

Akafungua zipu. Akatoa chumvi. Akatoa tochi, kisha tochi ya pili, na mtu mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Chini kabisa akatoa kandambili nyekundu za mtoto, zote mbili zikaenea kiganjani mwake.

"Zako hizi. Miguu unayo, ndiyo. Lakini ukikimbia peku, na miiba je?"

"Baba, nina miaka thelathini na moja!"

Akazitazama kandambili. Akaitazama miguu yangu. Hilo hakuwahi kulifikiria. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwetu, chai ikamwagika, duka zima likamfuata. Mimi nilicheka huku nalia. Kwenye kioo niliendelea kuchekesha, na hakuna aliyenisikiliza.

Alipopata pumzi akamgeukia Harish. "Kandambili za watu wazima unazo?"

"Zipo."

"Shamimu, unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa, baba."

Akafikiri kidogo.

"Mpe arobaini," alisema. "Lolote laweza kutokea."