Mguu wa Butoyi

Toussaint aliingia kwangu amejipinda, mkono kiunoni, na kabla hajajilaza mkekani nyumba ilikuwa imejaa majirani. Kwangu habari haikosi wasikilizaji. Alikuwa ametoka Bwegera, alikoshinda msimu mzima akipakia magunia ya mchele kwenye lori. Aliporudi tu, badala ya kupumzika, akaenda kusimama golini na vijana.

"Yaya Claire, mugongo imekatika. Iko inachoma sawa moto."

"Na kiné alikuambia nini?" nilimuuliza, mimi yaya, dada mkubwa wa mtaa mzima.

Kiné, yule mtaalamu wa viungo wa hospitalini, alikwisha kumwonya: gunia uliinue kwa nguvu ya magoti, si ya kiuno; ukiumia, usilale kutwa, tembea polepole, wala mtu asikukanyage mgongo.

"Kiné amezaa mapasa? Muniitie Mama Mapasa anikanyage!"

Tuliokuwa tukicheka tukageukia mlangoni.

Mtaani kwetu mgongo ukikaza, huitwa mama aliyezaa mapacha, akaukanyaga kwa miguu yote miwili, kila mguu ukiwa wa pacha mmoja. Mama huyo kwetu ni Laure. Na Laure alikuwa amesimama palepale mlangoni, Bukuru mgongoni. Pacha wake, Butoyi, tulimzika mvua zilipoanza, Toussaint akiwa Bwegera. Sisi tunaosambaza kila kitu, hiyo hatukumfikishia.

Tangu mazishi, badala ya Mama Mapasa, tulimwita Laure "Mama Bukuru", tukidhani tunamhurumia. Aliitika, lakini kila mara kwa kuchelewa, kama anayeitiwa mtu mwingine.

"Muite mwingine," Laure alisema. "Minye siko tena mama wa mapasa. Butoyi alikufa."

Toussaint alijaribu kuinuka, mgongo ukakataa. Akabaki kifudifudi.

"Pole, mama. Sikujua." Akavuta pumzi. "Lakini weye ulizaa wawili. Hiyo nani atakunyang'anya?"

Laure aliingia ndani. Alinipa Bukuru, akavua kandambili, akavuta kigoda karibu na mkeka, akaketi. Mguu wa kulia akaulaza juu ya mgongo wa Toussaint.

"Huyu ni Bukuru."

Wa kushoto ulibaki sakafuni.

"Na mudogo wake?" Toussaint aliuliza.

"Si kiné alikataza?"

"Alikataza uzito, mama."

"Uzito?" Laure aliutazama mguu uliobaki sakafuni. "Pale mwisho hakuwa nao hata kidogo."

Akauinua mguu wa kushoto, akauweka kando ya mwenzake, taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Miguu ikakaa hapo.

Mgongo haukupona, nisiwadanganye. Baadaye Toussaint alizunguka uwanja wa nyumba yangu polepole kama kiné alivyoagiza, akijishika kwenye bega la Laure, akiguna kila hatua.

Nikamimina chai, nikaita, "Mama Mapasa, njoo unywe!"

Aliitika papo hapo. Kisha akajifunika uso kwa kitenge, akalia.