Mlango wa Kadibodi

Mjane alikata mlango kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne ukakataa kufunga. Akaitupa rula ukutani.

"Wifi," dada wa marehemu akaita kutoka jikoni, "hiyo rula imekukosea nini?"

"Niache."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkataji katika kiwanda cha maboksi, na wenzake walimwita Mama Milimita, maana halikuwahi kutoka mikononi mwake boksi likapwaya. Sasa mezani pake palilala nyambizi nzima, ubavu mmoja umeachwa wazi ili vyumba vionekane. Mbavu zilikuwa za kadibodi nene, ngozi ya karatasi ya manila, na mabomba ya karatasi aliyoiviringisha kwenye sindano ya kufumia. Kila sentimita ishirini za chombo cha kweli zilikuwa sentimita moja pale mezani. Kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa mlango wa chumba cha injini, mlango ule ule ambao mumewe alifia nyuma yake miaka miwili iliyopita.

Ripoti ya awali ya tume ya kuchunguza ajali ilisema, bila haya, kwamba fundi huyo alifungua vali ya maji isiyostahili, maji yakaingia, akapagawa, akajifungia ndani kwa komeo, akafa maji kwa uzembe wake mwenyewe. Uzembe! Mtu aliyekuwa akifika kituo cha basi anarudi nyumbani kuhakikisha pasi imezimwa! Neno hilo lilimfuata mjane mpaka kazini, na lilimfanya wifi yake aache kumtaja kaka yake mbele za watu. Kesho, Jumatatu saa tatu asubuhi, tume ilikuwa inakaa kwa mara ya mwisho, na mjane alipewa dakika kumi za kujieleza. Maneno matupu hakuyategemea. Tangu lini wakubwa wakasikiliza maneno ya mjane? Aliamua kuwapelekea kitu wakitazame kwa macho yao, mfano huu wa kuwaonyesha kwamba maiti ilikutwa imeng'ang'ania gurudumu la vali, hatua tano kutoka mlangoni. Mtu aliyepagawa hajifungii mlango kisha akarudi kupigana na maji.

Chombo chenyewe kilishakatwakatwa kikawa chuma chakavu, na michoro yake ni siri ya serikali. Vipimo vyote alivipata kwa rafiki wa marehemu, fundi mwenzake aliyenusurika, ambaye pekee alikuwa karibu na mlango ule ajali ilipotokea. Kila Jumapili alikuja, akanywa chai, akafumba macho na kutaja: bomba hili nene hivi, ngazi ile ndefu vile. Hakukosea hata kimoja. Kuhusu mlango alisema, "Komeo liko ndani, shemeji." Na ndivyo alivyoiambia tume pia.

Basi Mama Milimita aliliweka komeo ndani, na kila mara mkono wa komeo uligonga pampu iliyo kando ya mlango kabla haujazunguka hata nusu. Kwanza alijilaumu. Labda nimesahau kuhesabu unene wa kadibodi, alijiambia, kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini. Alipima upya, akakata upya, akajisonya upya. Mwishowe, kwa hasira tu, aliubandua mlango akaugeuza, komeo likatazama nje.

Ukafunga. Komeo likazunguka mzunguko wake wote bila kugusa kitu.

Mjane alikaa. Alilifungua, akalifunga tena. Mtu aliye ndani hawezi kulifikia komeo lililo nje.  Miaka miwili ya uongo! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba utakuwa unakipikia chai na kukiongezea sukari.

"Hodi," sauti ikaita mlangoni. Alikuwa ni yule fundi wa kila Jumapili, amechana nywele, na mfuko wa machungwa mkononi.

"Karibu, shemeji. Njoo uone, nimemaliza."

Mgeni aliinama juu ya meza akitabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Hapa umekosea, shemeji. Komeo liko ndani."

"Ndivyo ulivyoniambia. Kisu hiki, gundi hii. Liweke."

"Mimi na mambo ya karatasi..."

"Liweke!"

Akaubandua mlango, akaugeuza, akaubandika. Akalizungusha komeo kwa ncha ya kidole. Likagonga pampu. Akajaribu taratibu. Likagonga. Akaisukuma pampu kidogo, na mjane akamdaka mkono.

"Pampu ulinipimia wewe. Usiisogeze."

 Mgeni akakaa kitini, juu ya mfuko wake wa machungwa, bila kuuona.

"Bomba lilipasuka lenyewe," alisema. "Ile vali alikuwa anaifunga, si kuifungua. Maji yalishamfika kiunoni. Akanipigia kelele, funga mlango. Tulikuwa watu arobaini kule mbele, shemeji. Nikafunga."

"Kwa hilo sikulaumu."

Mgeni alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Kufunga sikulaumu," mjane akarudia, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Aliyekwambia ufunge ni mume wangu, na alijua anasema nini. Ungekuja ukaniambia siku ile ile, ningekulilia na wewe. Lakini uliwaambia alijifungia! Aliwapa roho yake nyie arobaini, na wewe ukampa uzembe!"

"Niliogopa. Waliniuliza nani alifunga, na sikuweza kusema ni mimi. Nikasema komeo liko ndani. Baada ya hapo ningerudije nyuma?"

"Ungerudi kwa miguu hiyo hiyo iliyokuwa inakuleta hapa kunywa chai!"

Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza.

"Wifi!" mjane akaita. "Njoo hapa."

Wifi akatokea, mikono inachuruzika maji, macho yanatoka huku yanaenda kule. Mjane hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mgeni.

"Sema tena. Asikie dada yake."

Yule fundi alitazama sakafu. "Mlango nilifunga mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yako hakukosea kitu. Alikuwa anatuokoa."

Wifi alishika kichwa, akateleza na ukuta mpaka chini, akaanza kuliita jina la kaka yake, jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka miwili.

"Tena," mjane akasema.

"Shemeji, nihurumie."

"Simama. Sema tena, na upaze sauti. Ukumbi wa kesho ni mkubwa."