Aliyejibu kwa Jina Langu

Mimi ni nahodha wa boti ya wagonjwa. Nawatoa visiwani nawaleta Nyamisati, na pale gari huwachukua mpaka hospitali Kibiti. Niliishia darasa la tano. Mambo ya kompyuta ninayoyajua ni yale aliyonieleza Felix, mtu wa Iringa aliyekuja kututengenezea mfumo wa kuita boti. Nesi wa zahanati anaandika habari za mgonjwa kwenye simu, mfumo unanitumia ujumbe, mimi najibu, naye anaona jibu langu.

Siku moja Felix alikaa ndani ya boti na kompyuta mapajani, mistari ya kijani inapanda kwenye kioo.

"Mzee Bwanaheri, na wewe umo humu."

"Nafanya nini humo?"

"Unajibu. Kila nikibadilisha kitu lazima nijue kama safari bado inaandikwa sawasawa. Sasa nikikuita wewe kila mara utanitupa majini. Kwa hiyo nimeweka nahodha wa bandia. Nikimwita anasema, 'Nakuja, nusu saa.' Hana jingine. Wa kujibu tu tunamwita stabu, lakini wako anaandika pia ameitwa mara ngapi. Huyo ni moki."

"Mafuta anapewa na nani?"

"Hatumii mafuta. Hachoki, wala simu yake haiishi chaji."

"Basi mwoze wake wawili tuone kama hatachoka."

Tulicheka sana siku ile.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa mchana, nilikuwa gatini nasafisha plagi za injini. Mke wangu Habiba akanipigia kutoka Kiongoroni. Alikuwa huko na binti yetu, Mashavu, mwenye mimba ya miezi minane.

"Baba Mashavu, umefika wapi?"

"Nifike wapi? Niko Nyamisati."

Nyuma yake nilisikia mtu analia.

"Mashavu anatoka damu tangu saa saba," akasema. "Nesi amekuita. Simu yake inaonyesha umejibu."

"Sijaitwa na mtu."

"Limeandikwa jina lako. Nakuja, nusu saa."

Niliangalia simu yangu. Hapakuwa na ujumbe wowote. Nikakaa chini pale pale kwenye mbao. Kuna mtu alikuwa anajibu badala yangu, na mwanangu alikuwa anamsubiri huyo.

Nesi Elieth akachukua simu. Ni mtu wa Kagera, bado hajatimiza mwaka huku kwetu. "Baba, nilikuita mara tatu. Mara zote ukasema unakuja. Mama akaniambia hapana, maji yanapwa, Bwanaheri hawezi kusema nusu saa na maji haya. Mimi nikamwambia asubiri, si jibu hili hapa..."

Habiba akamnyang'anya simu. "Tumeshamlaza kwenye mtumbwi wa Mashaka mvuvi. Usiingie ndani, mkondo wote umebaki tope. Tukutane mdomoni mwake."

Sijawahi kuendesha boti vile. Maji yalikuwa yanaikimbia mikoko, mizizi imebaki nje. Mara mbili panga la injini liligusa tope, na mara zote mbili nilidhani limevunjika na nimemuua mwanangu.

Nilipofika mdomoni hapakuwa na mtumbwi. Nikazima injini nisikilize. Nikaita. Ule mkondo unakata kona, huoni mbali. Nikiingia nitakwama, na tukikwama sote hakuna wa kutuvuta mpaka maji yajae tena. Nikaita tena. Nilisikia kaa tu wakitembea topeni. Nilikaa hivyo, mkono kwenye kamba ya injini, maji yanashuka mbele ya macho yangu, nikijua kwamba hata nafasi ya kungoja inaisha.

Kwanza nilisikia pondo likichoma tope. Halafu mtumbwi ukatokeza, Mashaka anasukuma mbele, Habiba na Elieth wako topeni mpaka kiunoni wanausukuma nyuma. Mashavu alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepauka. Nilipomnyanyua alifumbua macho.

"Baba, mbona ulisema unakuja?"

"Sikusema mimi, mwanangu."

Macho yalikuwa yamefumba tena. Sijui kama alinisikia.

Kibiti walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Felix alikuja mbio; Elieth alikuwa amempigia. Akafungua kompyuta palepale kwenye benchi.

"Jumanne tulipowafundisha manesi niliweka yule wa bandia kwenye mfumo wenyewe, wajifunze bila kuziita boti za kweli. Nilidhani nimemtoa."

"Uliangalia?"

"Niliendesha majaribio yote, mzee. Yote kijani, yamefaulu."

"Hayo majaribio yalikuwa yanamuuliza nani?"

"Yeye," akasema. Kisha akasoma kwenye kioo: "Ameitwa mara tatu. Amejibu mara tatu."

Nilimkamata ukosi wa shati. Habiba, tope limemkaukia mwilini, akanishika mkono.

"Mwache. Akae hapa asubiri kama sisi."

Akakaa. Tukasubiri. Daktari alipotoka alimtazama Habiba, si mimi.

"Mama yupo hai, tumempa damu. Mtoto anapumua, ila ni mdogo mno. Aingie mtu mmoja."

Habiba aliingia akauacha mlango wazi kidogo. Nikamsikia mjukuu wangu analia, sauti nyembamba. Alilia, akanyamaza, akalia. Kila aliponyamaza nilibana pumzi. Felix pembeni yangu naye alibana yake, na safari hii mtoto alichukua muda mrefu kuanza kulia tena.