Chupa ya Jumatatu

Kila Jumatatu wanawake wa kijiji waliteremka na mikojo yao. Kila mmoja alikuwa na chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, imezibwa kwa kipande cha gunzi, imefungwa kwenye pindo la kanga kwa uangalifu kama yai la kuatamiwa. Ukungu ulikuwa bado umelalia vitalu vya kabichi, na njia ya kwenda kliniki ilikuwa utelezi mtupu kwa umande.

"Mama Tatu, kanyaga vizuri!" Secilia alimtania kutoka nyuma. "Ukianguka utamwaga uchunguzi wa wakubwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Zuhura, ambaye ndiye huyo Mama Tatu, hakucheka. Alikuwa na swali moja kifuani, na leo aliapa hatarudi nalo mlimani.

Tangu kiangazi hakuwa ameona siku zake. Mama mkwe wake, Bi Mwajuma, ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuwa hakuona tena vitambaa vikianikwa nyuma ya nyumba. Akampokonya jembe. Akamkataza kubeba kuni. Habari zikamfikia Rajabu, mumewe, aliyekuwa akikata mkonge huko Mazinde, naye akaacha yale maneno yake ya kuoa mke wa pili, binti wa kijiji cha Lukozi. Nyumba ikapata amani.

Lakini tumbo halikukua. Kanga ileile ilifungwa kwa fundo lilelile. Asubuhi hiyo Bi Mwajuma alikuwa bandani akimtupia ng'ombe wake majani ya mgomba, akasema bila kugeuka:

"Hata ng'ombe huyu aliyepandwa juzijuzi tumbo limeshamshuka. Wewe mwenzetu umebeba nini, upepo? Rajabu anakuja Jumamosi. Safari hii sitamzuia."

Kliniki ilikuwa kwenye nyumba ya mlowezi aliyeondoka baada ya Uhuru. Mlangoni alisimama Athumani, balozi wa nyumba kumi, na kofia yake ya chama, akiwapanga wanawake kama magunia. Nyuma yake kulikuwa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na sukari kidogo. Mvua zilikuwa zimekataa mwaka mzima, na rafu za duka la ushirika zilibaki na viberiti na vumbi. Aliyechomwa sindano akatoa chupa hupimiwa unga. Asiyetoa hutazama wenzake wakipimiwa.

Ndani alikuwamo Sista Rahabu, nesi aliyehamishwa kutoka Bukoba, na daktari kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani. Zuhura aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba," akajibu yule kijana, ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Hakuinua macho. "Weka chupa hapo. Leo na damu kidogo."

"Nina swali, daktari. Mimba yangu mbona haikui?"

Sista Rahabu aliacha kufunga pamba. Daktari akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Mimba gani, mama? Huwezi kuwa na mimba. Sindano tunayokuchoma ndiyo inayoizuia. Ni homoni, inanyamazisha kizazi. Ndiyo maana huoni siku zako. Unapumzika kuzaa."

"Nipumzike kuzaa?" Sauti ya Zuhura ilikuwa ndogo. "Mimi sijazaa."

"Mama Tatu!" Sista Rahabu alishtuka. "Siku ile ya sindano ya kwanza si nilikuuliza? Una mtoto mgongoni, nikakuuliza mbele ya foleni yote, huyu ni wako? Ukaniambia ni wangu."

"Ni wangu."

"Sasa?"

Angeelezaje? Tatu alizaliwa na dada yake Rajabu, naye dada huyo hakuamka kitandani. Kabla matanga hayajaisha wazee walimkalisha Zuhura kwenye ngozi, wakamlaza mtoto mapajani pake, wakamwita Mama Tatu, na tangu siku hiyo hakuna wa ukoo ule aliyemwita kwa jina jingine. Kusema mbele za watu kwamba mtoto si wako ni kumfukuza kwa mdomo, na mtoto aliyefukuzwa hivyo, walisema, humfuata mama yake alikolala. Nani angemfukuza Tatu kwa ajili ya swali la nesi?

"Balozi aliniambia ni dawa ya kupata mtoto," alisema.

Athumani aliitwa. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Daktari, mlitaka wanawake kumi kutoka kwangu. Mkasema kijiji kisichotimiza kitaonekana kinapinga maendeleo. Ningewatoa wapi? Waliochoka kuzaa niliwaambia watapumzika. Huyu alikuwa analia kila kukicha, nikampa neno la kumtuliza."

"Ulinidanganya, kaka Athumani."

"Nilikutuliza."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe. Uso wake ulionyesha aibu, na kwa muda mfupi Zuhura alidhani ataomba radhi.

"Nguvu yake itaisha lini?" Zuhura aliuliza.

"Ukiacha leo, wengine hurudiwa na siku zao baada ya miezi. Wengine mwaka. Wengine zaidi. Kusema kweli, hicho ndicho tunachochunguza."

Halafu ile aibu ikamtoka, na mahali pake pakaingia kitu kilichomtisha Zuhura zaidi. Kijana alikuwa amefurahi.

"Unajua, mama, wewe ni muhimu sana kwetu. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, hatukuwa naye hata mmoja. Hatutakuchoma tena. Lakini usiache kuleta chupa. Kila Jumatatu, tutapima mpaka mwili uzinduke."

"Na mume wangu nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri."

Sista Rahabu aligeukia dirisha.

Nje, wanawake walikuwa wakicheka juu ya mmoja aliyeziba chupa yake kwa karoti. Zuhura alisimama katikati yao akasema Kishambaa, wazi, ili kila mtu asikie: "Ile sindano inafunga kizazi."

Kicheko kikafa. Wengine walishika matumbo yao. Secilia, mama wa watoto sita, alitazama miguu yake.

"Mimi nilijua," alisema polepole. "Mimi niliitaka."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningekuambiaje? Nikwambie wewe si wa kuchomwa, huna mtoto? Na Tatu yuko mgongoni pako anasikia?"

Athumani alimsogelea Zuhura, akateremsha sauti. "Umemsikia daktari. Kila Jumatatu. Chupa yako isipofika, unga haupandi kwenu. Si wewe tu, mama mkwe, mtoto, nyumba nzima."

Akampimia unga wake. Akaupokea. Tatu alikuwa hajala tangu jana mchana.

Nyumbani Bi Mwajuma alisikiliza yote bila kukatiza. Alipokwisha kusikia, alichukua ungo akaanza kuchekecha ule unga wa njano kwa nguvu mpaka ukamwagika chini.

Jumamosi Rajabu alipanda, akaambiwa, akala ugali. Jumapili asubuhi alivaa koti lake jeusi akashika njia ya Lukozi. Hakutukana, hakupiga. Alisema tu kwamba yeye si mtu wa kuchunguzwa, na umri unakwenda.

Jumatatu, kabla ya jogoo, Bi Mwajuma alisikia kishindo bandani. Akainuka na kibatari. Zuhura alikuwa amechuchumaa nyuma ya ng'ombe, chupa ya kliniki mkononi, akimpapasa mnyama chini ya mkia ili akojoe.

"Mama Tatu, unafanya nini?"

"Wanataka mkojo, mama. Nyumba hii mwenye mimba ni huyu. Wampime yeye."

Bi Mwajuma alisimama mlangoni, mwanga ukicheza usoni mwake. Kisha akakitundika kibatari kwenye mti wa banda, akaingia kwenye tope, akaushika mkia wa ng'ombe akauweka pembeni.

Chupa ilipojaa, Zuhura aliiziba kwa gunzi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akampandisha Tatu mgongoni, akateremka kupanga foleni ya unga.