Fundo kwenye Njia ya Mizinga

Nyasi zilikuwa zimefungwa fundo pale njia inapogawanyika, na Mzee Muthama akasimama akizikodolea macho. Kwa wafuga nyuki wa vilima vile vya Kasikeu, fundo la namna hiyo halikuwa mchezo. Maana yake mwenye mizinga iliyo mbele amekukataza kupita. Tena mizinga ya juu kule ilikuwa yake, kila mmoja na chapa ya ukoo wake. Nani huyo aliyetaka kumkalia kichwani? Akalifungua fundo, akazinyoosha nyasi, akakohoa kwa nguvu ili kama kuna mtu amejificha, asikie.

Hatua chache mbele akaona mawe matatu yamebebana, na kando yake vijiti vilivyopangwa mfano wa mshale. Hili sasa halikuwa jambo la wafuga nyuki. Hasira ikaanza kumtoka, udadisi ukachukua nafasi yake. Aliyepanga vile hakuwa na pupa: alichagua mawe meupe na kuyaweka juu ya udongo mwekundu, yasiweze kupitwa na jicho. Mzee akaufuata mshale. Kila njia ilipotatanisha, alikuta alama. Iliponyooka, hakuna kitu. Ama kweli huyu ana akili, akajisemea, na mizinga ikamtoka kabisa mawazoni. Alitaka kumjua tu mtu huyu.

Njia ikamtoa penye uwazi chini ya mwamba. Hapo akakuta hema, Mwalimu Ndeti wa skauti, na Muthoki, mjukuu wake yeye mzee, akichochea moto chini ya sufuria ya uji.

"Babu, umefikaje huku?"

"Nimefuata alama. Nani kaziweka?"

"Ni mimi."

Mzee akatabasamu. Mwalimu Ndeti akamweleza kwamba huo ulikuwa mtihani. Skauti wadogo walipaswa kufika hapo kwa alama za Muthoki tu. Wakifika, atavaa beji, na katika shule yao hakuna msichana aliyewahi kuivaa. Wakipotea, basi, hakuna beji.

"Wamekawia," mwalimu akamaliza, akitazama bondeni.

Hapo ndipo mzee alipolikumbuka fundo: kumbe nalo lilikuwa alama ya Muthoki.

"Mama," akasema, maana Muthoki alibeba jina la mama mzazi wa mzee mwenyewe, "lile fundo la kule chini nimelifungua. Nilidhani mtu anazuia mizinga yangu."

Muthoki akauma mdomo. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Acha nirudi nikawalete," mzee akasema, tayari ameshika fimbo.

"Usiende, Babu. Ukiwaleta, watakuwa wamekufuata wewe."

"Na wasipofika?"

"Mawe yapo. Wakitazama mbele kidogo, watayaona."

Mzee akaketi. Aliona aibu, na kukaa bure kulimuuma kuliko kupanda mlima. Akamtazama msichana. Sauti ilikuwa imemtetemeka kidogo, hilo alilisikia; lakini mkono wake uliendelea kukoroga uji, uji wa watu wengi, kisha akaanza kupanga vikombe chini, kimoja kimoja, vya watoto ambao hawajaonekana. Nani aliyemfundisha kungoja hivyo? Si yeye Muthama, na hakuona haya kukiri moyoni.

Uji ulikuwa umeanza kupoa waliposikia vicheko vichakani. Watoto wakatokea wote, mmoja wao akilalamika kwamba pale njia panda walizunguka sana kabla ya kuona mawe. Muthoki akawamiminia uji. Mzee akageuka upande, akajifanya ana vumbi jichoni.

Jioni ilipokaribia mzee na mjukuu wake wakashuka mlima, beji ikiwa kifuani mwa Muthoki. Kule chini mzee akakunja kushoto, kuelekea sokoni Kasikeu, maana ilikuwa siku ya soko.

"Babu, nyumbani ni huku."

"Najua. Pita mbele yangu."

Muthoki akapita, akicheka kidogo. Kelele za soko zilianza kusikika.

"Mama," mzee akamwita, "hiyo skafu imefunika beji. Isogeze."