Kama Hakuna Mwenye Pingamizi

...basi si aseme mtu, jamani, hata mmoja, Kinuyo aliwaza, amepiga magoti mkekani kwenye ukumbi wa mkutano, karibu na birika la chai, miguu imeshakufa ganzi, na yule kijana wa ofisi ya jiji, Wakui, anaendelea na adabu zake za kuinamisha kichwa, kwamba wabebaji wamepungua, kwamba mwaka huu kijumba cha mungu wa bahari kitapakiwa kwenye lori, sherehe ifanyike jijini, kwenye maegesho ya magari, iwe moja kwa wote... wote gani? kijiji chao cha Ushiozaki kilipomezwa na jiji waliambiwa litabadilika jina tu, jina tu, kisha ikaenda shule, ikaenda zahanati, sasa na mungu apande lori kama friji bovu, loo! na kisipobebwa mitaani kitasimamaje mlangoni kwa mumewe Seizo, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita, maana kila aliyekufa ndani ya mwaka hupitiwa, wabebaji hukiinamisha mara moja mbele ya kizingiti, ndipo marehemu huenda zake na bahari, Seizo aliwainamishia wafu wa watu mpaka bega likaota sugu, yeye nani atamwinamishia?

"Bi Kinuyo, sema wewe," Fusae, jirani yake, alinong'ona. "Wewe ndiye mfiwa."

Sema wewe! Kwani mdomo wako umeuazima? Mjane aliyeitwa kumimina chai ndiye asimame mbele ya wanaume, na mzee Hamano, mwenyekiti, aliyebeba bega kwa bega na Seizo, anakikodolea macho kikombe chake, nitazame, Hamano, nitazame basi...

"Kama hakuna mwenye pingamizi," Hamano alisema, "tukubaliane kwa makofi."

Sasa, Kinuyo, neno moja tu, subirini... kofi likalia mbele, la pili, ukumbi mzima, na siku ile ya kuunganishwa na jiji Seizo alirudi kutoka mkutanoni akasema, wote walipiga makofi, ningefanyaje? naye Kinuyo akamwita mwoga, mwoga chai ikipoa, mwoga mvua ikivuja, mwoga mpaka kitanda cha ugonjwa, na mbona viganja vinamwasha, akavitazama, ni vyake, vinapiga, vinapiga kuliko vya Fusae, chozi linashuka na Wakui anamwinamia akidhani ni furaha, acheni, mikono yangu, acheni, lakini atakayeacha wa kwanza ataonekana, hukuwa mwoga, mume wangu, kumbe ilikuwa hivi, nisamehe, ilikuwa hivi, na makofi hayaishi.